Kardinali Lavigerie, Mtetezi wa Watumwa

Zamani za mababu ilikuwako njia kubwa iliyotoka Nyangwe na Kasongo, ikapita Kabambare, ikashuka mpaka Mtowa, kwenye ukingo wa Ziwa Tanganika. Toka Mtowa watu walivuka ziwa kwa mitumbwi mpaka Ujiji. Toka Ujiji walikwenda kwa miguu mpaka Tabora, na toka Tabora mpaka Bagamoyo, kwenye bahari. Safari hiyo ilikuwa ya miezi mingi. Waliokwenda kwa mapenzi yao walikuwa wachache. Wengine walifungwa minyororo, au walivikwa shingoni kongwa, ule mti wenye panda, na kichwani walibebeshwa pembe za ndovu. Aliyeanguka njiani aliachwa hapo hapo, au aliuawa, ili wenzake waone na waogope.

Kabambare ilikuwa mahali pa kupumzika misafara hiyo. Mskoti mmoja, Daktari David Livingstone, alikaa hapo miezi mingi mwaka 1870, miguu yake ikiwa na vidonda, asiweze kusafiri. Mwaka uliofuata, siku moja ya mwezi wa Julai, alikuwa Nyangwe. Watu walikuwa sokoni, na wengi wao walikuwa wanawake waliokuja kuuza samaki na mihogo. Mara watu wa misafara wakaanza kupiga bunduki. Wanawake wakakimbilia mtoni Lualaba wapate mitumbwi, na mamia wakafa, wengine kwa risasi, wengine kwa maji. Livingstone aliandika aliyoyaona, na maandiko yake yakasomwa Ulaya.

Miongoni mwa waliosoma habari hizo alikuwa askofu mmoja Mfaransa, Charles Lavigerie. Mtu huyo hakufika Kabambare hata siku moja, wala hakuliona Ziwa Tanganika. Lakini habari za njia ile alizijua kuliko wengi waliokaa karibu nayo, naye aliwasumbua wafalme wa Ulaya kwa ajili yake.

Charles Lavigerie alizaliwa tarehe 31 Oktoba 1825, karibu na mji wa Bayonne, kusini ya Ufaransa. Baba yake alikuwa mtu wa forodha. Nyumbani hawakushika sana dini. Watumishi wawili wanawake ndio waliomfundisha mtoto sala zake, naye aliwakumbuka mpaka uzee. Alipotaka kuwa padri, wazazi wake hawakufurahi, lakini walimwacha. Alipata upadri mwaka 1849, na kwa kuwa alikuwa hodari wa masomo, akawekwa kuwa mwalimu katika chuo kikubwa cha Paris. Kazi ya kusoma na kufundisha tu haikumtosha. Alikuwa mtu mwenye mwili mkubwa, mwenye sauti, mwepesi wa hasira na mwepesi wa kuomba radhi.

Mwaka 1860 Wakristu wengi waliuawa katika nchi za Lebanoni na Siria. Lavigerie alikusanya fedha huko Ufaransa, akaenda mwenyewe kuwapelekea waliosalia chakula na nguo. Huko Damasko alikutana na Abd el-Kader, Mwislamu, mtu mkuu wa Algeria aliyepigana na Wafaransa miaka mingi kisha akahamishwa kwao. Siku za mauaji, Abd el-Kader na watu wake walikuwa wamewaficha na kuwalinda maelfu ya Wakristu. Lavigerie alimheshimu sana mtu huyo. Basi ilikuwa vizuri kwamba alikutana naye mapema, kwa maana baadaye alipowanenea vikali wafanya biashara ya watumwa, wengine walidhani anawachukia Waislamu wote.

Alifanywa askofu wa Nancy mwaka 1863. Miaka minne baadaye aliitwa kuwa askofu mkuu wa Alger, mji mkuu wa Algeria. Rafiki zake walishangaa, maana Nancy ni mji mzuri na Alger ilikuwa mbali na maskini. Naye alikubali.

Alipofika Alger alikuta taabu. Nzige walikuwa wamekula mashamba, mvua imekosa, na ugonjwa wa kipindupindu ukaingia. Mwisho wa mwaka 1867 watu walikuwa wanakufa njiani kwa njaa. Watoto waliofiwa na wazazi walizunguka mijini wakiokota maganda. Askofu akaanza kuwakusanya. Kwanza alichukua wachache, halafu mia, halafu zaidi ya elfu na mia saba. Aliandika barua Ulaya kuomba fedha, akafungua nyumba za yatima, akatafuta masista wa kuwatunza. Watoto wengi walikufa hata hivyo, kwa kuwa walifika wamekwisha dhoofu. Njaa ilipokwisha, gavana wa Kifaransa, MacMahon, alimtaka awarudishe, kwa kuwa aliogopa Waislamu watakasirika. Lavigerie alikataa, akapeleka shauri mpaka kwa Kaisari mwenyewe, akashinda. Lakini pia aliagiza kwamba asibatizwe mtoto yeyote kwa nguvu, wala kwa haraka haraka.

Nani atawatunza watoto hao, na nani atawafundisha? Kwa ajili ya kazi hiyo, mwaka 1868 alianzisha shirika la Wamisionari wa Afrika. Watu waliwaita Mapadri Weupe, kwa sababu ya kanzu zao nyeupe zilizofanana na mavazi ya watu wa Algeria. Mwaka 1869 akaanzisha shirika la masista. Aliwapa amri tatu zilizo rahisi kusema na ngumu kushika: waseme lugha ya watu wanaokaa nao, wavae kama wao, wale chakula kama chao. Mmisionari asiyetaka kujifunza lugha hakumpenda kabisa.

Mwaka 1878 Papa mpya, Leo XIII, aliwakabidhi Mapadri Weupe nchi za maziwa makubwa. Mwezi wa Aprili wamisionari kumi waliondoka Marseille, wakafika Bagamoyo, wakapanda bara na mamia ya wapagazi. Padri Joachim Pascal alikufa njiani. Walipofika Tabora waligawanyika: wengine walikwenda Uganda, wengine Ujiji. Wale wa Ujiji walifika mwezi wa Januari 1879. Hapo waliona kwa macho yao ile njia ya Kabambare inavyoishia: watu wakitolewa mitumbwini, mifupa mitupu, wakiuzwa kwa nguo na shanga. Mwaka 1881 wamisionari watatu waliuawa huko Rumonge, katika Burundi. Wengine walivuka ziwa, wakajenga upande wa magharibi, na mwaka 1883 wakaanzisha misioni ya Kibanga.

Mapadri hao waliandika barua kila mara, na Lavigerie alizisoma zote. Aliwapa fedha za kuwakomboa watumwa, hasa watoto. Kijiji cha Kibanga kilijaa watoto waliokombolewa. Shauri hilo lilikuwa na shida yake. Mtoto akinunuliwa na padri amepona. Lakini mwuzaji amepata mali, na kesho ataweza kwenda kukamata mwingine. Tena watoto wale walikaa chini ya amri ya misioni kwa kila jambo: kazi, chakula, hata ndoa. Lavigerie aliona shida ya kwanza vizuri sana. Alifahamu kwamba kukomboa mmoja mmoja hakutamaliza utumwa. Ilitakiwa soko lenyewe lifungwe.

Kwa hiyo alifikiri jambo jingine. Alichagua vijana Waafrika, waliokombolewa utumwani, akawapeleka kisiwa cha Malta wasomee uganga. Aliona kwamba Afrika itageuzwa na Waafrika wenyewe, na kwamba mganga mwenye elimu, tena mkatekista, ataingia nyumba ambayo Mzungu hataingia. Mmoja wa vijana hao aliitwa Adrien Atiman. Aliibwa mtoto karibu na mto Niger, akavushwa jangwa la Sahara, akakombolewa na wamisionari huko Algeria.

Mwaka 1882 Papa alimfanya Lavigerie kuwa kardinali. Halafu ukaja mwaka 1888, mwaka mkubwa katika maisha yake.

Mwezi wa Mei mwaka huo Papa Leo XIII aliandika barua kwa maaskofu wa Brazili, nchi ya mwisho ya Amerika kuwaacha watumwa huru. Katika barua hiyo Papa alieleza kwamba Mungu hakumwumba mtu kuwa mali ya mwenzake, na kwamba utumwa ni kinyume cha sheria ya Mungu na cha tabia ya binadamu. Alisema pia habari za misafara ya Afrika. Ni haki kukumbuka hapa kwamba Wakristu wa Ulaya walikuwa wamenunua na kuuza Waafrika muda wa karne nne, wakawavusha bahari kwa merikebu, na wengi wao hawakuona aibu. Dhambi hiyo haikuwa ya Waarabu peke yao. Hata katika Maniema, waliokamata watu walikuwa mara nyingi watu wa nchi yenyewe, wenye bunduki za kukopeshwa, na wako machifu waliouza jirani zao.

Siku chache baada ya barua hiyo Lavigerie alifika Roma, na Papa akampa kazi ya kwenda kuwaamsha watu wa Ulaya. Kardinali alikuwa na miaka 62, na magonjwa ya baridi yabisi yalimtesa. Hata hivyo alianza safari. Tarehe 1 Julai alihubiri Paris. Tarehe 31 Julai alisema London, mbele ya Wakatoliki na Waprotestanti pamoja, jambo lisilokuwa la kawaida siku zile. Tarehe 15 Agosti, siku ya kupalizwa mbinguni Bikira Maria, alihubiri Brussels. Huko aliwalaumu Wabelgiji waziwazi: mfalme wao amejichukulia Kongo, nao wamefanya nini juu ya watumwa? Hesabu alizozitaja za watumwa wa kila mwaka zilikuwa za kukisia tu. Lakini barua za mapadri wake hazikuwa za kukisia, na watu waliposikia habari za wanawake waliotupwa njiani pamoja na watoto wao, walilia kanisani.

Shabaha yake ilikuwa ngumu. Mfalme Leopold II, ambaye watu wa Ulaya walimdhania kuwa adui wa utumwa, mwaka 1887 alikuwa amemweka Tippu Tip, mfanya biashara mkuu wa Kasongo, kuwa gavana wake huko Stanley Falls. Kila mmoja alimhitaji mwenzake. Pembe zilishuka, bunduki na baruti zilipanda, na maneno mazuri yalisemwa Brussels.

Hata hivyo kelele za Kardinali zilizaa kitu. Vyama vya kupinga utumwa vilianzishwa katika nchi nyingi. Papa alitoa faranga 300,000 kuvisaidia. Mwezi wa Novemba 1889 wajumbe wa serikali nyingi walikutana Brussels, na tarehe 2 Julai 1890 wakatia sahihi mapatano ya kuzuia misafara ya watumwa na kuzuia bunduki zisiingie Afrika ya kati. Katika mapatano hayo Leopold alipata pia ruhusa ya kutoza ushuru wa bidhaa zinazoingia Kongo, akafurahi. Lavigerie aliwaamini mno wafalme. Alidhani kwamba mwenye nguvu akitia sahihi jambo jema, atalitimiza kwa nia njema.

Huko London, mwaka 1888, kati ya wale waliokuja kumsikia Lavigerie alikuwako Kardinali Manning, askofu mkuu wa mji ule. Mwaka uliofuata wapagazi wa bandari ya London, watu wa kupakia na kupakua merikebu, waliacha kazi. Walitaka peni sita kwa saa, na wenye bandari walikataa. Watoto wao walilala na njaa. Manning, mzee wa zaidi ya miaka 80, alikwenda huku na huku kati ya mabwana na wapagazi mpaka wakapatana, na wapagazi wakapata peni zao sita. Wakubwa wengine walinung'unika: kanisa lina shauri gani na mshahara wa wapagazi?

Papa Leo XIII aliwajibu watu wa namna hiyo. Tarehe 15 Mei 1891 alitoa barua iitwayo Rerum Novarum, habari za wafanya kazi. Lavigerie alikuwa hai bado. Mambo ya barua hiyo yafaa kufahamiwa na kila mtoto wa shule, maana yanafuata katika yale yaliyosemwa juu ya utumwa. Ikiwa mtu si mali ya kununuliwa, basi hata anapofanya kazi ya mshahara yeye si chombo kama jembe au shoka. Mshahara wake umtoshe yeye na nyumba yake. Na bwana akimpa kidogo kwa sababu anajua ana njaa na hawezi kukataa, bwana huyo amemdhulumu, hata kama mfanya kazi alisema ndiyo. Apumzike siku ya Bwana. Aweze kuungana na wenzake katika chama. Aweze kuwa na shamba lake na nyumba yake, wala serikali isimnyang'anye. Kwa hiyo Papa aliwakataa wale waliotaka mali yote iwe ya serikali. Na watoto wasitiwe katika kazi nzito kabla mwili na akili havijakomaa.

Neno hilo la watoto halijazeeka. Katika teritwari ya Kabambare, huko Namoya na Salamabila, ardhi ina dhahabu, na watu wengi huitafuta. Katika machimbo ya mashariki ya Kongo wako watoto wanaobeba mawe na kuosha mchanga saa ambazo wenzao wako shuleni. Hakuna kongwa shingoni mwao. Ni njaa ya nyumbani iliyowapeleka, na faida ya dhahabu yaenda mbali, kama zamani faida ya pembe. Papa Leo XIV, aliyechaguliwa mwezi wa Mei 2025, alieleza mwenyewe kwamba alichukua jina hilo hasa kwa ajili ya Leo XIII na barua yake juu ya wafanya kazi.

Kardinali Lavigerie alikufa Alger tarehe 26 Novemba 1892, akiwa na miaka 67. Alizikwa katika kanisa kubwa alilolijenga Carthage, huko Tunisia. Mwaka 1964 mifupa yake ilihamishwa Roma, katika nyumba kuu ya Wamisionari wa Afrika.

Alipokufa, vita vilikuwa vimekwisha anza katika Maniema. Mwezi wa Aprili 1893 askari wa Dhanis, ofisa wa Leopold, waliingia Kasongo. Wengi wa askari hao walikuwa watu wa Ngongo Lutete, ambaye zamani alikuwa mkamata watumwa wa Tippu Tip. Mwanzo wa mwaka 1894 walimshinda Rumaliza wa Ujiji, wakaingia Kabambare. Njia ya watumwa ikafungwa.

Lakini serikali ya Leopold ilileta mzigo mwingine. Vijiji viliamriwa kutoa mpira, pembe, chakula na wapagazi, na asiyetoa alipigwa kwa kiboko. Watu walikimbilia msituni kama siku za misafara. Wamisionari walifika Kasongo mwaka 1903. Lavigerie hakuwapo tena kwenda Brussels kuwauliza Wabelgiji lile swali lake la mwaka 1888, nao waliouliza baada yake walikuwa hasa Waprotestanti. Mapadri wengi wa Kikatoliki walikawia kusema. Mwaka 1908 mfalme aliondolewa Kongo, ikawekwa chini ya serikali ya Ubelgiji.

Atiman, yule kijana wa Malta, alifika Karema, ng'ambo ya Tanganika, mwaka 1889, akiwa mganga na mkatekista. Alitibu vidonda, alizalisha, alipasua, alifundisha dini. Walikuja kwake watu wa pande zote za ziwa, na wako waliokuwa watumwa kama yeye. Alikaa huko huko Karema miaka 67, akafa mwezi wa Aprili 1956.